Siti binti Saad na Wimbo Uliofufuka



Mtakumbuka kwamba tulipokutana mara ya mwisho hapa Ruangwa, baada ya risala na kabla ya pilau, vijana wa kidato cha tatu walipanda jukwaani wakatutumbuiza. Wimbo wao wa pili ulikuwa Kijiti. Waliuimba vizuri kweli. Mimi niliyekaa safu ya pili niliona hata wale wenzetu waliokuja na mawazo ya bei ya ufuta na korosho wameacha kunong'ona. Ulipokwisha, mshereheshaji akatutangazia kwa furaha kwamba huo ulikuwa wimbo wa Bi Kidude. Tukapiga makofi. Lakini kwenye meza ya wazee kule nyuma ulisikika mnung'uniko, na mwalimu wetu mmoja mstaafu alinyanyuka nusu kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaketi.

Baada ya chakula nilimwendea yule mshereheshaji nikamweleza taratibu kwamba Bi Kidude aliuimba, tena aliuimba kuliko wengi, lakini mwenye wimbo alikuwa Siti binti Saad. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza Siti binti Saad ni nani. Sikumlaumu. Jioni ile nilimweleza Mhariri kisa hicho, naye, kama ilivyo desturi ya wahariri, akanitwisha mzigo: niandike. Haya basi, nimeandika.

Kabla sijafika mbali, lazima nikiri kwamba kosa la kijana yule nililifanya mimi kwanza, tena katika shule hii hii. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu. Umeme ulikuwa bado ni habari ya kusikia, na bweni letu lilikuwa na redio moja ya betri, mali ya mwenzetu aliyekuwa akiilaza chini ya mto wake. Taarabu iliyotamba siku hizo ilikuwa ya TOT na Muungano, na tulizijua sauti za Khadija Kopa na Nasma Khamis kuliko tulivyozijua kanuni za fizikia. Usiku mmoja redio ikatoa sauti ya namna nyingine kabisa: sauti ya bibi mzee, yenye mkwaruzo, isiyobembeleza mtu, ikisimulia mauaji. Kesho yake darasani nikasema mbele ya mwalimu wa Kiswahili kwamba Bi Kidude ametunga wimbo mpya. Mwalimu hakunicheka. Alikwenda ofisini, akarudi na kitabu chembamba kilichotoka jalada, Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert, akaniambia nikisome mpaka mwisho kabla sijafungua kinywa tena juu ya taarabu. Nilikisoma kwa siku tatu, nikikikinga na wenzangu waliotaka karatasi za kuvutia sigara. Tangu siku hizo nimekuwa nikikusanya habari za mama huyu kama wengine wanavyokusanya stempu.

Siti binti Saad alizaliwa kiasi cha mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Wazazi wake walikuwa watumwa. Baba yake asili yake ilikuwa Unyamwezini, na mama yake alikuwa Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko si kufungua minyororo. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897. Mtoto huyu alizaliwa katikati ya miaka hiyo miwili, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Wadogo zangu, hebu tulieni hapo kidogo. Kila alipoitwa kula, kila alipoitwa kuteka maji, aliitwa kwa hali aliyozaliwa nayo.

Hakwenda shule. Mama yake alimfundisha kufinyanga vyungu na kusuka ukili, kazi ambazo sisi watu wa Kusini tunazifahamu vizuri, maana bibi zetu wengi wametulea kwazo. Vyungu hupikwa kijijini lakini fedha iko mjini, kwa hiyo binti huyu alijitwisha mzigo wake kichwani akatembea kutoka Fumba mpaka mjini, njia ya saa kadhaa kwa miguu. Alipofika mitaani aliita wanunuzi kwa sauti. Hapo ndipo palipoanzia yote. Watu walitoka milangoni kabla hawajaviona vyungu, kwa sababu ya sauti. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kuitoa mbali bila kuikata. Alifundishwa na njia, na jua, na haja ya kurudi nyumbani mzigo ukiwa umekwisha.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Katika mji ule taarabu ilikuwa imekwisha jenga heshima yake. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayesifiwa kwa kuileta kutoka Misri ili imburudishe katika jumba lake, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho hadi leo kinahesabiwa miongoni mwa vikundi vikongwe kabisa vya muziki katika Afrika Mashariki. Lakini taarabu hiyo ilikuwa ya wanaume, ya wenye nafasi, na iliimbwa kwa Kiarabu. Msikilizaji wa kawaida wa Ng'ambo, mchukuzi, mpishi, dobi, aliweza kuipenda sauti yake asijue kinachosemwa.

Siti alikutana na Muhsin Ali, mpiga udi, aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala na kuimba kwa Kiarabu. Akajifunza vyema hata akaalikwa kwenye majumba ya mabwana. Ni katika zama hizo alipopewa jina la Siti, maana yake bibi wa heshima. Mtumwa akawa Bibi. Kama ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya mtu aliyebahatika, basi. Haikuishia hapo, kwa sababu Siti alifanya jambo ambalo waimbaji wa jumbani hawakuwa wamelifanya: akaanza kuimba taarabu kwa Kiswahili, juu ya mambo ya watu wa kawaida, mbele ya watu hao hao. Aliimba kwa Sultani Khalifa bin Harub, na aliimba Ng'ambo.

Wenzake katika kikundi walikuwa watu wa uwezo mkubwa: Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Buda na Mbaruku, ambaye alikuwa kipofu aliyetoka Mombasa. Walikutana nyumbani kwa Siti nyakati za jioni. Aliyetoka sokoni alileta habari za sokoni, aliyetoka mahakamani alileta za mahakamani. Wakizijadili, wakizichekea au kuzihuzunikia, mmoja akitoa ubeti na mwingine akiunyoosha, mpaka habari ikawa wimbo. Kwa hiyo tunaposema nyimbo za Siti, tukumbuke kwamba nyuma ya jina hilo moja walikuwako watu waliokaa mkekani pamoja naye.

Hakuna anayepanda asirushiwe mawe. Mahasidi walimtungia Siti wimbo wa kumsimanga. Walimkumbusha kwamba ametoka shamba, kwamba alikuwa hana nguo za maana, kwamba alikuwa muuza vyungu, na hata sura yake wakaitia ila. Simango hizo ziliimbwa hadharani, na mji mzima ukasubiri kuona atakavyojibu. Naye akajibu kwa wimbo, akieleza kwamba uzuri wa sura na majumba makubwa si kitu, cha kumtazamia mtu ni akili na tabia yake. Hakukana kwamba ametoka shamba. Hilo ndilo lililonipendeza nilipokuwa kijana wa bweni, maana nasi tuliotoka vijijini tulikuwa tukisimangwa na wenzetu waliotoka Lindi mjini kwa sababu ya masanduku yetu ya mbao.

Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni iliyotumia chapa ya His Master's Voice ilimwita Siti na wenzake Bombay, nchini India, kurekodi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake katika santuri. Fikirini safari ile: binti wa watumwa wa Fumba anapanda meli kuvuka Bahari ya Hindi, na anayemgharimia anafanya hivyo kwa sababu anaamini sauti yake itauzika.

Kwa faida ya vijana ambao muziki wanaubeba katika simu, nieleze kidogo. Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Wimbo ambao Ng'ambo uliweza kuendelea mpaka chai ikapoa ulilazimika kukatwa ili uenee. Santuri yenyewe ilikuwa ngumu na nzito lakini ikianguka ilipasuka kama sahani, na sindano ya chuma ilikuwa ikiila kidogo kidogo kila ilipopigwa. Pamoja na hayo santuri za Siti ziliuzwa kwa maelfu, na katika maisha yake alirekodi nyimbo zaidi ya 200. Ziliingia mikahawani na barazani katika miji ya pwani, na kutoka pwani zikasafiri bara pamoja na wafanyabiashara na gramafoni zao za kuzungusha kwa mkono. Mauzo yalikuwa mazuri hata kampuni nyingine, Columbia, ikaja kujenga studio Unguja kwenyewe mwaka 1931. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wakinunua santuri za Kiarabu na za Kihindi. Sasa walisikia lugha yao ikitoka ndani ya kisanduku, na wako waliosafiri kuja Unguja ili tu wahakikishe kwamba mwanamke huyo yupo kweli.

Sasa nije kwenye wimbo wa Kijiti, uliotuletea maneno haya yote.

Wimbo huu ni habari ya kweli ya zama za Siti. Mwanamke mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, alikuwa Unguja. Mwanamume aliyeitwa Kijiti alimchukua kwenda naye matembezini pamoja na wengine, kukawa na ulevi, na huko gizani akamtendea uovu na kumwua. Kisha akatoroka akavuka kwenda bara. Kesi ikafika mbele ya hakimu. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu wakatoa ushahidi wa yaliyotokea. Mwisho wa yote, Kijiti hakupatikana, na walioadhibiwa ni wale mashahidi, kwa kosa la kupeleka pombe. Muuaji akala upepo wa bara, na waliosema kweli wakaingia ndani.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa mafaili, na najua faili linavyozungumza: linataja kosa, kifungu na adhabu, kisha linafungwa, linafungwa na kamba, linapelekwa masjala kuliwa na mchwa. Faili la kesi kama hiyo linaweza kuonyesha kwamba kila kitu kilifanyika kwa utaratibu. Siti na wenzake waliweka kumbukumbu nyingine. Walimtaja mkosaji kwa jina, wakaeleza alivyofanya, wakamweka na hakimu mbele ya wasikilizaji. Mtu wa Ng'ambo ambaye asingeruhusiwa kutia neno mahakamani aliweza kuketi barazani akaisikiliza kesi upya, akaamua mwenyewe ni nani aliyestahili kufungwa. Na huyo mgeni, ambaye hakuwa na ndugu wa kumlilia Unguja, alipata wa kumlilia.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Katika siku zake za mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, ambaye alizungumza naye na kuandika maisha yake. Wasifu huo ulichapishwa mwaka 1958, na baadaye ukatolewa kama kitabu, ndicho hicho nilichopewa na mwalimu kikiwa hakina jalada. Hebu tuone na hili: mshairi mkubwa wa lugha yetu aliposhika kalamu kuandika wasifu wa mtu mwingine, hakumchagua mfalme wala liwali, alimchagua mwanamke asiyejua kuandika. Na mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, jarida lao walilipa jina la Sauti ya Siti.

Kwa hiyo jina halikupotea kabisa. Zilizopotea ni nyimbo. Santuri zilivunjika, na zilizosalia zilikosa gramafoni ya kuzipiga. Taarabu nayo ilibadilika. Vikakua vikundi vikubwa vyenye fidla nyingi, akodiani na qanuni, na huku bara bendi za dansi zikashika vijana. Baadaye vikaja vinanda vya umeme, na mipasho ikachukua uwanja. Wimbo wa dakika tatu wenye mkwaruzo wa sindano ukabaki kwa wakusanyaji wachache na katika vichwa vya wazee. Kwa kijana wa miaka ya 1980, Kijiti ulikuwa kama haukuwahi kuimbwa.

Aliyeufufua ni Fatuma binti Baraka, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa jina la Bi Kidude. Alizaliwa Mfagimaringo, Unguja, mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwenyewe hakuwa na hati ya kuonyesha mwaka. Alipokuwa mtoto, Siti alikuwa katika kilele chake, na Bi Kidude alikuwa akisimulia kwamba alizijua nyimbo zake kwa kutega sikio Siti na wenzake walipokuwa wakiimba. Alizihifadhi kichwani, kwa kuwa yeye naye hakuwa mtu wa kalamu. Miaka mingi aliishi kwa kupiga ngoma za unyago, kuuza hina na wanja, na kutibu kwa mitishamba. Sisi wa Ruangwa na Nachingwea tunapaswa kumwelewa upesi kuliko watu wengine, kwa maana ngoma za unyago ni ndugu wa hizi tulizokua tukizisikia kwa Wamwera, Wayao na Wamakonde, na wengi waliokwenda kuishi Unguja, kwa hiari au kwa minyororo, walitoka katika nchi zetu hizi.

Alipokuwa mtu mzima wa makamo ya bibi, ndipo dunia ilipomgundua. Kuanzia miaka ya 1980 alichukuliwa kwenda Ulaya, Japani na kwingineko, na nyimbo alizokwenda nazo nyingi zilikuwa za Siti, Kijiti ukiwamo. Hakuziiga. Siti katika santuri ana sauti ya juu, nyembamba, inayokwenda kwa mahadhi yaliyosomewa. Bi Kidude aliuchukua wimbo ule ule akautoa kwa sauti ya kifuani, iliyokomaa kwa moshi wa sigara na ngoma za usiku kucha, na kisa kile kikawa kama kinasimuliwa na shahidi mwenyewe aliyetoka gerezani. Watu wasiojua neno moja la Kiswahili walisimama kumshangilia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alizikwa mbele ya viongozi wa nchi na umati wa wananchi. Leo anayeujua Kijiti, asilimia kubwa ameujua kwa Bi Kidude. Kijana wetu jukwaani aliujua hivyo, nami mwaka 1997 niliujua hivyo.

Je, Bi Kidude aliiba? La, hasha. Alimtaja Siti kila mara, alijivuna kuwa amechota kwake, na kama si yeye wimbo ungebaki kuwa vipande vya santuri. Kurudia wimbo wa mwenzio si kosa. Tatizo huja jina linapodondoka njiani. Kule Afrika Kusini mwaka 1939 Solomon Linda alirekodi wimbo uitwao Mbube. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, na mwaka 1961 kikundi cha Marekani kiitwacho The Tokens kikaufikisha nafasi ya kwanza nchini kwao. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa maskini, na binti zake walipata haki yao kwa kwenda mahakamani, zaidi ya miaka 40 baadaye. Wimbo ulikuwa hai, umenona, unazunguka dunia, na mwenyewe hakuwa na cha kuwaachia wanawe.

Hapa, ndugu zangu, sina budi kujigeukia mwenyewe. Miaka ya nyuma, katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, kijana mmoja wa ngazi ya chini aliandaa taarifa ya hali ya mikorosho katika vijiji. Alizunguka kwa baiskeli wakati wa masika, akalala kwa watu, akahesabu miti mwenyewe. Aliponiletea nilinyoosha sentensi kadhaa, nikabadilisha jalada, nikaandika jina langu. Taarifa ikasifiwa kikaoni. Nilipongezwa nikasimama, nikainamisha kichwa kidogo kama mtu mnyenyekevu, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, akipiga makofi pamoja na wengine.

Nilipokuwa nikitayarisha makala haya, kalamu ilinigomea nilipofika kwenye habari za Linda. Nikamtafuta. Amekwisha acha kazi, analima. Nilimweleza kwa simu kwamba nataka radhi yake kwa jambo la taarifa ile. Alicheka, akasema hayo yamepita na yeye amekwisha sahau. Kisha, tukiwa tunazungumzia mvua, akaanza kunitajia vile vijiji, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ule ule wa ziara yake, na idadi ya miti ya kila kijiji. Hakuwa amesahau hata mkorosho mmoja. Nimekwisha andika barua kwa ofisi ile ili jina lake litiwe katika nakala iliyoko masjala. Huenda hakuna atakayeifungua. Lakini itakuwamo.

Wadogo zangu mnaosoma sasa, nina ombi kwenu. Mnazo simu, na wengine mnajua kurekodi na kupiga vinanda vya kompyuta. Nasikia baadhi yenu mmeanza kuchukua nyimbo za bibi zetu wa huku, za jando na unyago zinazoruhusiwa kusikika hadharani, za kupura ufuta, za kubembelezea watoto, na kuzitia midundo mipya. Fanyeni, tena fanyeni upesi, kwa sababu wanaozijua wanapungua kila masika. Lakini nendeni na daftari. Kabla hamjaandika neno la kwanza la wimbo, andikeni jina la bibi aliyewaimbia, na kijiji chake, na jina la yule aliyemfundisha yeye kama analikumbuka.

Na kwa yule mshereheshaji wetu: mwaka huu nimemwomba Mhariri uimbwe tena Kijiti, na nimeahidi kuketi safu ya mbele. Yule mwalimu wetu mstaafu naye amesema atakuja akijaliwa. Kitabu chake nimekitia jalada jipya, nitamrudishia siku hiyo.

Nawatakia nyote safari njema ya kuja Ruangwa. Wanaopitia Nachingwea waulize hali ya barabara kwanza.